Kupiga picha makau porini: asubuhi moja kwenye ukuta wa udongo wa Tambopata

Makau ni wale kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini na ya Kati: mkia mrefu kama upanga, mdomo wa kupasulia kokwa ngumu, na kwa wengi wao mashavu matupu yasiyo na manyoya ya kueleweka. Wengi wetu tumewaona vizimbani, wametulia mita mbili mbele ya kamera. Porini wanaishi kwenye vilele vya miti ya mita 30 na zaidi, wanakula katikati ya majani, na wakionekana wanakuwa tayari wanapita juu ya kichwa chako, weusi tii mbele ya anga jeupe. Anayeingia msituni na kamera na kungoja bahati anarudi na picha mia nane za matumbo meusi.

Kwa hiyo usimfuate makau. Nenda mahali anapokuja mwenyewe, ukamtangulie. Mahali penyewe pako kusini-mashariki mwa Peru, mkoa wa Madre de Dios, kwenye kingo za mto Tambopata. Wenyeji wanapaita collpa, neno lenye asili ya Kikechua la udongo wenye chumvi. Ni ukuta mwekundu wa udongo uliokatwa na mto, na kila asubuhi njema mamia ya kasuku wa aina mbalimbali hushuka kuutafuna.

Wanachofuata ni sodiamu. Magharibi ya Amazoni iko mbali na Atlantiki, mvua inafika ikiwa imeishiwa chumvi ya bahari, na mimea ya huko haina sodiamu ya kutosha. Mfugaji anayempa ng'ombe magadi ameshaelewa, na aliyesikia habari za tembo wa Mlima Elgon wanaochimba chumvi ndani ya pango la Kitum ameelewa zaidi. Kuna maelezo mengine kwamba udongo unakamata sumu za mbegu mbichi tumboni, lakini tabaka ambazo ndege hawa huzichagua ukutani ni zile zenye sodiamu nyingi. Mpiga picha anahitaji kulijua hili kwa sababu ndilo linalopanga kalenda yake.

Mwezi gani

Watu wengi husikia kwamba kiangazi cha Tambopata ni Mei hadi Oktoba, wakakata tiketi ya Juni. Juni mvua ni chache kweli, na ndege ukutani ni wachache vilevile. Mahitaji ya chumvi hupanda kadiri msimu wa kutaga na kulea makinda unavyokaribia, maana wazazi hula udongo na kuwalisha makinda wao. Kuanzia Novemba ndege ni wengi, ila mvua nazo zimeanza kushika, na asubuhi ya mvua hakuna anayeshuka. Ndege wengi na mvua chache vinakutana Agosti hadi Oktoba. Huo ndio wakati wa kwenda.

Kitu kimoja kinaweza kuharibu hata Agosti: friaje. Ni baridi inayopanda kutoka kusini mwa bara na kufika hadi msitu wa joto, kati ya Mei na Septemba, ikakaa siku mbili au tatu. Joto linashuka ghafla, mawingu yanafunga, na ukuta unabaki mtupu. Panga asubuhi tatu za ukutani kwa uchache. Ukiwa na pesa ya kuchagua kati ya kukodi lenzi kubwa zaidi na kulala siku mbili za ziada, lala.

Kufika, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ndege kutoka Lima hutua Puerto Maldonado, nyingine zikipitia Cusco. Kutoka hapo ni gari kidogo kisha mtumbwi mrefu wa injini kupanda mto. Collpa Chuncho, iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tambopata, inasifika kwa makau wakubwa. Collpa Colorado iko juu zaidi mtoni, karibu na kituo cha utafiti cha Tambopata Research Center. Huko aina za kasuku ni nyingi, na safari ni ya saa nyingi majini. Kibali cha hifadhi hushughulikiwa na nyumba ya wageni unayofikia. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla. Mwenye kadi ya njano tayari aibebe.

Kabla ya kutoa hela, uliza mambo matatu. La kwanza, mnaondoka saa ngapi. Jibu zuri ni saa 10 au 10 na nusu alfajiri, ili muwe mmekaa kabla ya mwanga. (Saa zote humu ni za Kiswahili. Mwenyeji akikwambia «las cuatro», ndiyo saa 10 alfajiri hiyo.) La pili, mnakaa ukutani hadi saa ngapi. Ziara nyingi za kawaida huwarudisha wageni kunywa chai saa 2 na nusu, na mara nyingine huo ndio wakati makau wakubwa wanaanza kushuka. Taka kukaa hadi saa 4, na lipia mtumbwi wako peke yako ikibidi. La tatu, mwaka huu ukuta uko umbali gani kutoka mnapokaa. Mto hubadilisha kingo zake kila msimu wa mafuriko, na kijisiwa cha changarawe kilichokuwa karibu mwaka juzi huenda leo kiko chini ya maji.

Jibu la swali hilo la tatu ndilo linakuchagulia lenzi. Makau mwekundu ana urefu wa sentimita 85 hivi, mkia ukiwemo. Kwa lenzi ya milimita 600 kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, makau huyo akiwa mita 100 anachukua milimita 5 za kihisi, yaani sehemu ya saba ya upana wa picha. Akiwa mita 50 anakaribia theluthi. Kwa lenzi ya milimita 300 na mita 100, umepata doa lenye rangi. Kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C inakusogeza mara moja na nusu bila gharama, na hapa ni faida ya kweli. Lakini usiache nyumbani lenzi ya 100–400. Kundi zima likiruka, milimita 600 zitakukatia mabawa pande zote.

Mpangilio wa asubuhi

Mwanga unaingia karibu saa 11 na nusu. Wanaotangulia ni wadogo: kasuku wenye kichwa cha bluu, Pionus menstruus, wale wa kijani wakubwa wa jenasi Amazona, na kasuku wadogo wenye kelele. Makau huja baadaye, wawili wawili, wakiruka ubavu kwa ubavu karibu mabawa yagusane. Ukiona watatu au wanne pamoja, mara nyingi ni wazazi na watoto wao wa mwaka huo. Wanatua juu kabisa ya miti ya ukingoni na kuanza kupiga kelele.

Halafu hakuna kinachotokea. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Makau wanashuka tawi moja, wanaangalia, wanapanda mawili, wanashuka tena, kwa nusu saa au zaidi, maana kila mmoja anataka mwingine awe wa kwanza kufika chini. Mwewe akipita, mtumbwi ukinguruma, mtu akisimama kunyoosha mgongo, wote wanaruka na hesabu inaanza upya. Pengine hawarudi siku hiyo, na chumvi ya siku hiyo wameikosa. Kwa hiyo ukishakaa, umekaa. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu, kofia ya rangi hiyohiyo, na lenzi izungushwe polepole kama mkono wa saa. Hakuna choo, kahawa uipunguze.

Wa kwanza akishagusa udongo, wengine wanamiminika ndani ya dakika chache. Sasa mtazame mmoja kwa karibu. Ananing'inia kwa kucha kwenye mzizi uliochomoza, mkia ameubana ukutani kama mguu wa tatu. Anageuza kichwa ubavu na kukwangua kwa mdomo wa chini mpaka donge linang'oka. Mara nyingi donge hilo halili papo hapo: analiweka mdomoni, anaruka hadi tawi la karibu, analishika kwa mguu na kulimega taratibu kama mtu anayekula andazi. Picha bora za uso mara nyingi ziko kwenye tawi hilo, ambako nyuma yake kuna kivuli cha msitu badala ya udongo na mizizi. Angalia ni tawi gani linapendwa, ukalipigie fokasi mapema.

Picha ya pili inayostahili kusubiriwa ni mshtuko. Kundi lote linaachia ukuta kwa pamoja, wekundu, bluu na manjano vinafunguka kama kanga iliyopeperushwa, na baada ya sekunde tatu yamekwisha. Ukianza kurekebisha kamera wakati huo umechelewa.

Namba za kamera

Asubuhi ina vipindi viwili vya mwanga. Kabla ya jua kupanda miti, ukutani utahitaji kitu kama f/6.3 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya shata 1/500 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200 hadi 6400. Inatosha kwa ndege aliyeng'ang'ania ukuta, haitoshi kwa anayeruka. Jua likishagonga udongo, hamia 1/2500, f/6.3, ISO 800. Sababu ya 1/2500 ni hesabu tu: ndege anayekwenda mita 15 kwa sekunde husogea milimita 15 ndani ya 1/1000, lakini milimita 6 ndani ya 1/2500, na ncha ya bawa huenda kasi kuliko mwili.

Piga kwa manuali, na ISO uifunge. Ushauri wa kuacha ISO ya otomatiki unafaa mbugani, ambako simba na nyasi vina mwanga unaokaribiana. Hapa makau mmoja anaanza mbele ya anga jeupe, anapita mbele ya msitu mweusi, anaishia kwenye udongo uliowaka jua, yote ndani ya sekunde nne. Mwanga uliompiga yeye haukubadilika hata kidogo. Otomatiki inafuata mandhari, kwa hiyo inakupa ndege mweusi angani na ndege aliyeungua msituni. Pima kwenye ukuta wenyewe jua likiwa limeupiga, punguza theluthi moja hadi theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), funga. Rudia kupima kila wingu linapobadilika.

Ule upunguzaji una sababu mbili. Ngozi nyeupe ya uso inaungua haraka. Na wekundu wa makau hujaza chaneli nyekundu kabla histogramu ya kawaida (grafu ya mwanga wa picha) haijaonyesha tatizo lolote. Skrini inaonekana nzuri, ukifika nyumbani unakuta kifua ni bamba la rangi moja lisilo na unyoya hata mmoja. Washa histogramu ya rangi tatu na uangalie ile nyekundu peke yake. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Fokasi: tumia eneo dogo, maana ukuta umejaa mizizi na mashimo ambayo kamera huyapenda kuliko ndege. Utambuzi wa jicho unafanya kazi vizuri kwa makau wa tawini, lakini kwenye kundi la ndege arobaini unarukaruka kutoka jicho hili hadi lile, uzime. Kwa wawili wanaoruka pamoja, kumbuka kina cha fokasi, yaani nafasi ya mbele na nyuma inayotoka kali: milimita 600, f/6.3, mita 40, una kama mita 1.7 na wote wanaingia. Wakiwa mita 20 unabakiwa na sentimita 40, na wa pili anakuwa ukungu hata ukifunga hadi f/8. Mmoja akiwa mbele sana ya mwenzake, chagua wa karibu.

Picha mfululizo kumi kwa sekunde zinatosha. Wenye kamera za ishirini au thelathini hujaza bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) kwa ndege wa kwanza kutua, kamera ikaganda inaandika kadi, na mshtuko ukatokea hapo hapo.

Kinachoharibu picha bila wewe kujua

Wa kwanza ni mvuke wa joto. Kuanzia saa 3 hivi, changarawe na maji vikishapata moto, hewa kati yako na ukuta inacheza. Picha zinatoka laini kama zimepigwa kupitia kioo chenye mafuta, na mtu analaumu lenzi. Hakuna kasi ya shata inayotibu hilo. Kadiri ukuta ulivyo mbali ndivyo linavyoanza mapema. Likishaanza, acha ukuta, piga wanaopita juu yako karibu.

Wa pili ni dawa ya mbu. Zenye DEET hula plastiki na mpira wa kamera. Paka, kisha futa viganja kwa kitambaa chenye maji kabla ya kushika chochote. Huwezi kuacha kupaka, kwa sababu usubi wa Amazoni unaeneza leishmania, vimelea vya vidonda vya ngozi. Mikono mirefu ya shati inakupunguzia dawa, na nyuki wadogo wanaofuata jasho nao wanakosa pa kutua.

Unyevu ni wa tatu. Ukilala kwenye chumba cha kiyoyozi Puerto Maldonado, kamera ya baridi ikitoka nje inalowa ndani na nje. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto. Msituni weka pakiti za silika, zinazofyonza unyevu, kwenye mfuko usiopitisha maji. Mchele, ambao kila mtu anashauri, unaacha vumbi kwenye pete za lenzi. Umeme katika nyumba nyingi za msituni ni wa jenereta kwa saa chache jioni, kwa hiyo betri nne na chaja mbili.

Ndani ya mtumbwi usisimamishe tripodi injini ikiwa inafanya kazi: mtetemo unapanda miguu yake hadi kwenye lenzi. Shika mkononi, viwiko mbavuni.

Kuwatofautisha wekundu wawili

Maelezo ya picha ndiyo yanayoaibisha watu. Tambopata ina makau wekundu wa aina mbili. Ara macao ana utepe wa manjano bawani na uso mweupe ulio wazi. Ara chloropterus ni mkubwa zaidi, utepe wake ni wa kijani, na usoni ana mistari myembamba ya manyoya mekundu kama aliyechorwa kwa kalamu. Picha ya kutoka chini haionyeshi utepe, tafuta uso. Ara ararauna, bluu mgongoni na manjano tumboni, hakosewi. Ukiona mdogo wa kijani mwenye kichwa cha bluu, Primolius couloni, piga kwanza, hesabu baadaye: anaishi Peru na maeneo ya jirani ya Brazili na Bolivia tu.

Jioni na viota

Kuanzia saa 10 na nusu jioni makau hurudi malaloni. Ara ararauna hupenda vinamasi vya mitende ya aguaje, na hutaga ndani ya mashina yaliyokufa ya mitende hiyo. Kaa jua likiwa mgongoni mwako. Watakupitia wakiwa na mwanga wa manjano chini ya mabawa, na hapa milimita 300 hadi 400 zinatosha.

Wekundu hutaga katika mapango ya miti mikubwa kama shihuahuaco, Dipteryx, inayokua kwa mamia ya miaka na kukatwa kwa ajili ya mbao za sakafu na makaa. Mapango ni machache kiasi kwamba watafiti wa Tambopata wametundika viota bandia vya mbao na vya mabomba ya PVC. Kwenye kiota piga ukiwa mbali, dakika kumi na tano, ondoka. Wazazi wote wawili wakiwa nje wanapiga kelele, wewe ndiwe sababu, na makinda hayajalishwa. Flashi hapana. Kuwachezea sauti iliyorekodiwa hapana. Droni ndani ya hifadhi za Peru haziruki bila idhini ya SERNANP, mamlaka ya hifadhi za nchi hiyo. Na zima GPS ya kamera na ya simu kabla hujapiga kiota: wanaoiba makinda nao wana intaneti.

Ukitaka makau wengine

Kwa picha ya makau akiwa chini yako, mgongo na mabawa wazi, nenda Buraco das Araras, wilaya ya Jardim, Mato Grosso do Sul, Brazili. Ni shimo la ardhi lililoporomoka, kina chake takribani mita 100, na Ara chloropterus wanaishi kutani mwake. Unasimama ukingoni, wao wanazunguka chini. Lenzi ya 100–400 inafaa kuliko 600, na nyuma yao ni mwamba badala ya anga.

Arara-azul, Anodorhynchus hyacinthinus, mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa karibu mita moja, anatafutwa Pantanal, kinamasi kikubwa cha Brazili, Julai hadi Septemba. Barabara ya vumbi ya Transpantaneira, kutoka Poconé hadi Porto Jofre, inapita mashamba ya ng'ombe ambako ndege hawa hushuka chini kabisa kuokota kokwa za mitende ya acuri ambazo ng'ombe wameshazivua nyama. Lala chini, lenzi usawa wa nyasi. Hapa sheria ya mwanga inageuka: bluu yake inameza mwanga na kuwa nyeusi, kwa hiyo ongeza theluthi mbili za stopu badala ya kupunguza, ukiangalia tu pete ya manjano ya jicho isiungue.

Ukirudi na faili za wekundu wa Tambopata, usianze na kitelezi cha rangi. Kuza hadi asilimia 100 kwenye bega, shusha mwangaza wa chaneli nyekundu mpaka kingo za manyoya zionekane moja moja, kisha ndipo uangalie picha nzima. Na kabla ya kuipeleka mtandaoni igeuze kuwa sRGB (nafasi ya rangi ya kawaida ya mtandaoni) na uikague tena bega lilelile, kwa sababu wekundu uliokaa vizuri kwenye programu hugandamana upya katika nafasi ndogo ya rangi.